Modemu haisomi: safari ya kifaa cha USB kwenye Linux, kutoka tundu hadi intaneti

Watu wakisema "modemu haisomi" wanaweza kuwa wanazungumzia magonjwa sita tofauti. Ipo modemu ambayo kompyuta haijaiona kabisa. Ipo iliyoonekana, ila imejitambulisha kama CD. Ipo iliyogeuka modemu lakini haikupata draiva, yaani programu ndogo ya kuiendesha. Ipo yenye draiva, ila laini iliyomo imefungwa kwa PIN. Ipo iliyofunguliwa na mnara unaikataa. Na ipo iliyopokewa na mnara vizuri, ila APN yake, yaani jina la lango la intaneti, imeandikwa vibaya. Katika hali karibu zote hizo taa inawaka, kwa hiyo taa haikuambii ugonjwa ni upi. Wengi hapo hufuta Linux na kuiweka upya, jambo linalokula siku nzima na mara nyingi haliponyi kitu.

Kinachookoa muda ni kupanda ngazi moja baada ya nyingine, kila ngazi ikiwa na amri yake ya kuipima, na kutovuka iliyo juu kabla ya iliyo chini kujibu. Mifano hapa ni ya Ubuntu, Debian na Linux Mint. Modemu ni zile zilizojaa madukani kwetu kwa miaka mingi: Huawei E173, E3131 na E3372, pamoja na ndugu zao wa ZTE.

Anza kwa kuchomeka modemu, subiri nusu dakika, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na uandike:

`lsusb`

Kila kifaa cha USB kinatokea kwenye mstari wake, kikiwa na namba mbili zilizotenganishwa na nukta mbili. Ya kwanza ni ya kampuni, ya pili ni ya bidhaa. Huawei ni `12d1`, ZTE ni `19d2`. Usipoona mojawapo, tatizo liko kwenye umeme au waya, na hakuna programu itakayolitibu. Badilisha tundu. Ondoa waya wa kurefushia. Jaribu kompyuta nyingine. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, yaliyoungwa moja kwa moja kwenye bodi kuu. Ya mbele hupitia waya mwembamba wa ndani.

Ukiiona, angalia namba ya pili, maana hapo ndipo penye siri inayowapoteza wengi. Modemu hizi huzaliwa na sura mbili. Ukiichomeka mara ya kwanza inajifanya CD yenye programu ya Windows ndani yake, ili mteja asihitaji diski ya kusakinishia. Programu ya Windows ikishaingia, huiamuru modemu iache kuwa CD na iwe modemu. Linux haina programu hiyo, kwa hiyo mtu asipotoa amri, kifaa kitabaki CD milele: utakiona kwenye kidirisha cha mafaili na jina la mtandao wako wa simu, na hutapata intaneti hata tone.

Anayetoa amri hiyo upande wa Linux ni programu ndogo iitwayo `usb_modeswitch`, iliyoandikwa na Josua Dietze. Inakuja na orodha ndefu ya namba za modemu na ujumbe ambao kila moja inausikiliza. E173 ikiwa CD huonyesha `12d1:1446`. Ikigeuka huwa `12d1:1436` au namba nyingine kulingana na toleo lake. E3131 huanza na `12d1:14fe`. E3372 mara nyingi huanza na `12d1:1f01`, na ikigeuka huwa `12d1:14dc` au `12d1:1506`. Tofauti ya hizo mbili za mwisho ni kubwa mno, nitairudia chini. ZTE nyingi huanza na `19d2:2000`.

Kama namba haijabadilika baada ya nusu dakika, hakikisha pakeji (programu zilizofungashwa) zinazohitajika zipo:

`dpkg -l | grep -E "usb-modeswitch|modemmanager"`

Unatakiwa uone `usb-modeswitch`, `usb-modeswitch-data` na `modemmanager`. Ubuntu ya mezani kwa kawaida huja nazo. Debian iliyosakinishwa kwa uchache inaweza kuzikosa, na hapo unakutana na fumbo la kuku na yai: unahitaji intaneti ili upate kinachokuletea intaneti. Njia nyepesi ni simu ya Android. Iunganishe kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB kwenye mipangilio ya simu, na Linux itaiona kama kadi ya mtandao bila kusakinisha chochote. Kisha:

`sudo apt update && sudo apt install usb-modeswitch modemmanager`

Usipokuwa na simu ya hivyo, andika `apt-get --print-uris install usb-modeswitch modemmanager`. Haitapakua kitu, itachapa anwani za mafaili yote yanayotakiwa. Nenda nazo kwenye kompyuta yenye intaneti, pakua kila faili la `.deb`, yaweke kwenye flashi, rudi nyumbani, ingia ndani ya folda hiyo na umalize kwa `sudo dpkg -i *.deb`. Kumbuka kupakua kwa ajili ya toleo lako hasa. Faili la Ubuntu 22.04 usilibebeshe Ubuntu 24.04.

Pakeji zikiwepo na modemu bado ni CD, igeuze kwa mkono. Kwa E173:

`sudo usb_modeswitch -v 12d1 -p 1446 -J`

Herufi `-J` inatuma ujumbe wa kugeuza unaoeleweka na Huawei za miaka ya karibuni. Za kale zaidi hutaka `-H`. Rudia `lsusb`. Namba ikibadilika kwa mkono lakini si yenyewe, fungua faili la `/etc/usb_modeswitch.conf`, uhakikishe `DisableSwitching` ni `0`, weka `EnableLogging=1`, chomoa, chomeka tena, kisha soma kumbukumbu ndani ya `/var/log`. Na lile folda lenye jina la Linux unaloliona mara nyingine ndani ya CD ya modemu, liache. Kilichomo kiliandikwa kwa matoleo ya zamani, na kinaweza kuacha kanuni zake zikigombana na za mfumo wako.

Sasa turudi kwa zile namba mbili za E3372, kwa sababu hapa ndipo mwongozo wa mtu mmoja unapomharibia mwingine. Ziko modemu za aina mbili zenye sura moja na hata jina moja. Ya kwanza ni modemu ya kupiga: kompyuta ndiyo inayoongea na laini, inaweka APN na kuanzisha muunganisho. Ya pili, ambayo Huawei huiita HiLink, ni ruta kamili iliyobanwa ndani ya kijiti. Inaongea na mnara yenyewe, na kompyuta yako inaiona kama kadi ya mtandao ya waya. `12d1:14dc` ni HiLink. `12d1:1506` ni ya kupiga.

Ukiwa na HiLink, kazi karibu imekwisha. Andika `ip addr`, utaona kadi yenye jina linaloanza na `enx` au `usb` au `eth`, ikiwa na anwani ya 192.168.8.100 au inayokaribia hiyo. Fungua kivinjari, ingia `192.168.8.1`, na humo ndimo utaweka PIN na APN. Usihangaike na `mmcli`, amri ya kukagua modemu tutakayoikuta chini. Itakujibu kwamba haijaona modemu yoyote, na jibu hilo ni sahihi kabisa. Mtego wake mmoja ni huu: ruta nyingi za Wi-Fi za Huawei nazo hutumia 192.168.8.1. Ukiwa umeunganishwa na ruta ya nyumbani na modemu kwa wakati mmoja, kompyuta itakuwa na njia mbili zenye anwani ileile, na kurasa zitafunguka leo zigome kesho. Zima Wi-Fi kwanza, au badilisha anwani ya mojawapo.

Yanayofuata ni ya modemu ya kupiga.

Ikishageuka, kerneli, yaani kiini cha Linux, inaishika kwa draiva. Kwa nyingi za 3G draiva ni `option`, na matokeo yake ni mafaili ya `/dev/ttyUSB0`, `/dev/ttyUSB1` na `/dev/ttyUSB2`. Za 4G hupata `qmi_wwan`, `cdc_mbim` au `huawei_cdc_ncm`, na utaona kadi iitwayo `wwan0` au jina linaloanza na `ww`, pamoja na `/dev/cdc-wdm0`. Hakiki hivi:

`sudo dmesg | tail -30`

Kama namba imegeuka na hakuna `ttyUSB` wala `cdc-wdm`, yaelekea kerneli yako haijui namba ya bidhaa hiyo. Unaweza kumfundisha draiva papo hapo. Kwa namba ya `12d1 1506`, kwa mfano:

`sudo modprobe option`
`echo 12d1 1506 | sudo tee /sys/bus/usb-serial/drivers/option1/new_id`

Hilo linadumu hadi utakapozima kompyuta. Dawa ya kudumu ni kerneli mpya zaidi.

Ngazi inayofuata ni ModemManager, programu inayojua kuongea lugha ya kila modemu. Inahitaji muda wa kuchunguza kila tundu la `ttyUSB`, kwa hiyo usiwe na pupa.

`mmcli -L`

Itakupa namba ya modemu, tuseme 0. Halafu:

`mmcli -m 0`

Ukurasa huu mmoja una thamani kuliko dirisha lolote lenye picha. Soma mstari wa `state`. Ikiwa `failed` na sababu ni `sim-missing`, laini haijagusana na chuma. Hapa angalia sana adapta: modemu nyingi za zamani, hata E3372, hutaka laini ya ukubwa wa kawaida, na siku hizi tunabeba zile ndogo kabisa. Laini ndogo ndani ya adapta ya plastiki isiyokaa sawa huteleza milimita moja tu na kutoonekana. Usiingize adapta tupu bila laini. Vijiti vya chuma vya ndani hunasa kwenye uwazi wake na kukatika ukiivuta.

Ikiwa `locked`, laini inataka PIN:

`mmcli -i 0 --pin=1234`

Una nafasi tatu. Ukikosea zote itadai PUK, namba ya kufungulia laini, na PUK ina nafasi kumi kabla laini kufa moja kwa moja. Kama hujui PIN, weka laini kwenye simu na uiondolee kufuli huko.

Ikiwa `searching` bila mwisho, au usajili unasema `denied`, modemu ni nzima na mnara ndio unaokataa. Sababu za kawaida: laini imefungiwa kwa kutosajiliwa, modemu ilifungwa na mtandao ulioiuza isitumie laini nyingine, au IMEI yake, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, ni bandia. Tanzania ilizima vifaa vyenye IMEI bandia tarehe 16 Juni 2016. Pata tarakimu 15 za IMEI kwenye lebo ya ndani ya modemu au kwenye mstari wa `equipment id` wa `mmcli -m 0`, zitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 ukiwa Tanzania, na utajibiwa IMEI hiyo ni ya kifaa cha aina gani. Ni ukaguzi wa kufanya dukani, kabla ya kutoa pesa.

Ikiwa `registered`, umefika karibu na kilele. Kilichobaki ni APN, yaani jina la lango ambalo laini yako inapitia kwenda intaneti. Vodacom Tanzania na Airtel Tanzania ni `internet`. Safaricom ni `safaricom`, jina la mtumiaji `saf`, nenosiri `data`. Andika kwa herufi ndogo, bila nafasi mwishoni. Nafasi isiyoonekana imeshawasumbua watu wengi kwa saa nyingi.

Unaweza kubofya alama ya mtandao na kufuata hatua, lakini mistari miwili ya terminali ni ya uhakika zaidi, na kosa likitokea utaliona kwa maneno:

`sudo nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name voda apn internet`
`sudo nmcli connection up voda`

Kwa Safaricom, badili jina na APN, kisha ongeza `sudo nmcli connection modify safaricom gsm.username saf gsm.password data` kabla ya kuwasha. Likikataa kwa kusema hakuna kifaa kinachofaa, jaribu `nmcli radio wwan on`. Mara nyingine swichi ya data ya simu imezimwa pamoja na hali ya ndege na haikurudi.

Imeunganishwa na kurasa hazifunguki? Piga `ping -c 4 8.8.8.8`. Ikijibu, njia ipo na kilichoharibika ni utafutaji wa majina. Tibu hivi, kisha washa upya:

`sudo nmcli connection modify voda ipv4.dns "8.8.8.8 1.1.1.1" ipv4.ignore-auto-dns yes`

Isipojibu, angalia salio kabla ya kuangalia kompyuta. Huhitaji kuchomoa laini kwenda kwenye simu. ModemManager inaweza kupiga menyu:

`sudo mmcli -m 0 --3gpp-ussd-initiate="*149*01#"`

Hiyo ni ya vifurushi vya Vodacom Tanzania. Safaricom ni `*544#`. Menyu ikiuliza namba, jibu kwa `--3gpp-ussd-respond="1"`. Si kila modemu inakubali menyu hizi (USSD) ikiwa tayari imeunganishwa, basi kata muunganisho kwanza kwa `sudo nmcli connection down voda`. Ujumbe mfupi nao unasomeka: `mmcli -m 0 --messaging-list-sms`, kisha `mmcli -s 0` kwa ule wa kwanza. Kumbukumbu ya laini hujaa haraka kwa matangazo, na ikijaa hutapokea hata ujumbe wa kuthibitisha bando, kwa hiyo futa mara kwa mara kwa `--messaging-delete-sms`.

Kwa kompyuta isiyo na NetworkManager, yaani programu ya kusimamia mitandao inayoamriwa kwa `nmcli`, programu ya kupiga iitwayo `wvdial` bado inafanya kazi mahali inapopatikana: APN ndani ya `Init2 = AT+CGDCONT=1,"IP","internet"`, namba ya kupiga `*99#`, `Stupid Mode = 1`, na jina la mtumiaji lenye herufi yoyote kwa kuwa haipokei sehemu tupu. Izime ModemManager kwanza, la sivyo zitagombea `ttyUSB0`.

Sasa tatizo lililo gumu kuliko yote, la modemu inayounganishwa vizuri na kukatika kila baada ya dakika chache, hasa unapotuma faili kubwa. Watu huulaumu mtandao. Tazama kwanza `sudo dmesg -w` wakati inakatika. Ukiona `USB disconnect`, au makosa ya `-71` na `-110`, kifaa chenyewe kinapotea kwenye USB, mnara hauhusiki. Chanzo ni umeme. Tundu la USB 2.0 linaahidi miliampea 500. Modemu ikiwa karibu na mnara inatumia pungufu ya hapo, lakini ikiwa mbali inapandisha nguvu ya kurusha. Na ikishuka kwenye 2G hali ni mbaya zaidi: kifaa cha GSM cha bendi ya 900 kinaruhusiwa kurusha hadi wati 2 kwa vishindo vifupi, wakati cha 3G kinaishia takriban robo wati. Kila kishindo kinavuta volti chini, na waya mwembamba wa kurefushia unaongeza hasara, mpaka chipu inajizima na kuanza upya kama CD. Ndiyo maana wakati mwingine baada ya kukatika `lsusb` inaonyesha ile namba ya mwanzo.

Kwa hiyo tumia habu ya USB yenye adapta yake ya umeme, au waya mfupi mnene wenye vichwa viwili vya kuvuta umeme kwenye matundu mawili. Kwenye Raspberry Pi mimi nisingejaribu bila habu ya namna hiyo. Pia izuie modemu isishuke 2G kama eneo lako lina 3G au 4G:

`sudo mmcli -m 0 --set-allowed-modes='3g|4g'`

Kama haikubali mchanganyiko huo, angalia mstari wa `supported` katika `mmcli -m 0`, uchague ulioorodheshwa. Kwenye Huawei za kizazi cha E173 rangi ya taa inakusaidia hapa: kijani ni 2G, buluu ni 3G.

Sababu ya pili ya kukatika ni Linux kujaribu kuokoa betri kwa kulaza vifaa vya USB. Baadhi ya modemu hazijui kuamka. Dalili ni kukatika unapokuwa umetulia, kinyume na ile ya umeme inayokuja wakati wa kazi. Ongeza `usbcore.autosuspend=-1` kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya `/etc/default/grub`, piga `sudo update-grub`, washa kompyuta upya.

Kuhusu nguvu ya mawimbi, asilimia zinazoonyeshwa ni makadirio tu. Amri ya `AT+CSQ` hutoa namba kati ya 0 na 31. Zidisha kwa 2, toa 113, umepata dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kumi ni −93, hali ya wastani. Tano ni −103, na hapo usitegemee mambo makubwa. 99 maana yake modemu haijui. Kusogeza modemu kutoka nyuma ya laptopu hadi dirishani, au kuitoa chini ya paa la bati, kunaweza kupandisha namba hiyo kuliko mpangilio wowote wa programu.

Wanaoishi mipakani, Namanga, Holili, Horohoro au Sirari, wana hatari yao: modemu ikishika mnara wa upande wa pili, salio linakwenda kwa bei ya ugenini huku bando lako likibaki bila kuguswa. Ifungie nyumbani:

`sudo nmcli connection modify voda gsm.home-only yes`

Na kabla hujaanza kuperuzi, iambie Linux kwamba data hii inapimwa:

`sudo nmcli connection modify voda connection.metered yes`

Ubuntu ikijua hivyo, huahirisha masasisho ya kujiendesha yenyewe. Pakeji za snap zina mlango wao peke yake, zinaweza kumaliza bando la wiki kwa usiku mmoja, na hufungwa kwa `sudo snap set system refresh.metered=hold`. Ukiwa na HiLink, NetworkManager inaiona kama waya wa kawaida na itadhani haina kikomo, kwa hiyo amri ya `metered` iandike kwa jina la muunganisho huo wa waya, ambalo utalikuta kwa `nmcli connection show`.